Nimeshushiwa giaboksi mara mbili, kumbe ugonjwa ni upepo!

Wakuu, mnivumilie. Naandika hapa mikono ikiwa bado inanuka mafuta ya breki na hasira haijanishuka. Gari langu ni la zamani, klachi yake ni ya mafuta, si ya waya. Ndani ya wiki tatu limeshushwa giaboksi mara mbili. Mara mbili! Na kumbe kilichokuwa kinasumbua ni upepo kwenye mfumo wa klachi, kazi ya spana moja, kipande cha mpira mwembamba na chupa tupu.

Ilianza hivi. Asubuhi nakanyaga klachi, pedali inazama kama nimekanyaga tope. Gia ya kwanza inagoma, rivasi inakwaruza mpaka watu wanageuka kuangalia. Nikiipampu pedali haraka haraka mara tatu nne, inapanda, gia zinaingia kama vile hakukuwa na shida. Mtu anayejiita fundi alitakiwa ashtuke hapo hapo. Pedali inayopanda kwa kupampu inakwambia uangalie kwenye mafuta kwanza. Upepo unabanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu wako unamalizia nguvu kwenye mapovu badala ya kusukuma silinda ya chini, ile iliyo kwenye giaboksi inayofanya klachi iachie.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Bosi, diski imekwisha hiyo." Jamani! Diski iliyokwisha inateleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linajivuta. Langu lilikuwa kinyume kabisa, klachi ilikuwa haikubali kuachia. Ni magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Nikamwambia hivyo, akacheka, akasema nisome vitabu vyangu nimwachie kazi yake. Nikamwachia, na hilo ni kosa langu, silikatai. Giaboksi ikashuka, diski mpya ikafungwa, pedali ikarudi vilevile, tena imelegea kuliko mwanzo.

Ile diski ya zamani niliichukua, ninayo kwenye buti mpaka leo. Ribiti zake bado zimezama kwenye maganda, yaani maganda yenyewe hayajalika. Ilikuwa na maisha.

Fundi wa pili huyu ndiye bingwa. Akasema tutoe upepo, nikashukuru Mungu. Akamweka kijana kwenye pedali akamwambia "kanyaga mpaka chini, usiogope." Kijana akapiga pedali mpaka kwenye zulia, kama anapampu baiskeli. Sasa masta, yaani silinda ya juu inayosukumwa na pedali, ya gari la zamani, miaka yote hiyo raba zake zinatembea sehemu ile ile ya silinda. Mwisho wa silinda, ambako raba haifiki kila siku, kunakuwa na kutu na uchafu. Ukizilazimisha raba zifike huko zinachanika. Baada ya nusu saa mafuta yalikuwa yanachuruzika kwenye mkono wa pedali mpaka kwenye zulia. Na yeye bila aibu: "Unaona? Masta ilikuwa imekufa." Imekufa nani ameiua?

Masta mpya ikanunuliwa. Nilipogeuka nikamkuta ameshika chupa ya mafuta ya stelingi anataka kumimina kwenye kopo la klachi, eti mafuta ni mafuta. Nilimshika mkono. Mfuniko wa kopo umeandikwa DOT 3 au DOT 4, yaani mafuta ya breki, maandishi makubwa. Raba za mfumo huo ukizimwagia mafuta ya madini zinavimba na kulainika, na hapo unabadilisha kila kitu kuanzia juu mpaka chini. Yapo magari machache yanayotumia mafuta ya madini kwenye mfumo huo, lakini yanaandikwa. Soma mfuniko!

Pedali bado ikawa chini. Ndipo akafanya kitu ambacho kikinijia usiku nakosa usingizi. Akaingia chini ya dashibodi, akairefusha ile fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye masta mpaka ikabana kabisa. Pedali ikapanda, akanipa tano, nikaondoka nafurahi. Baada ya mwendo wa kama dakika ishirini, klachi mpya ikaanza kuteleza. Sababu ni hii: fimbo inatakiwa ibaki na nafasi ndogo, milimita moja hivi, ili pistoni ya masta irudi mpaka mwisho na kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kifunguke. Ukiibana, kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma silinda ya chini, klachi inakuwa kama imekanyagwa muda wote. Unajua alisemaje nilipomrudia? "Diski uliyouziwa ni feki." Giaboksi ikashuka mara ya pili. Diski ikakutwa nzima. Kazi bure, na hela ya ufundi ikaliwa.

Siku hiyo nililirudisha gari nyumbani taratibu, nikalipandisha kwenye stendi, nikaingia chini mwenyewe na tochi na rula ya shuleni.

Nikamwomba mke wangu akanyage pedali. Fimbo ya silinda ya chini ilitoka milimita 6 tu. Nikashika mpira wa paipu wakati anakanyaga nione kama unavimba, haukuvimba. Nikafunua kile kiraba cha vumbi cha silinda: ndani kumelowa, mafuta meusi kama chai ya jana. Hapo ndipo ugonjwa wa kwanza ulipokuwa, tangu siku ya kwanza, raba za silinda ya chini zimechoka, mafuta yanatoka na upepo unaingia. Kufunua kiraba kile hata dakika moja haifiki.

Halafu nikaona kingine, nikakaa pale chini nacheka peke yangu. Nati ya kutolea upepo ilikuwa chini, mpira wa mafuta uko juu. Silinda ile inafungwa kwa bolti mbili, ukiigeuza juu chini inakaa vizuri tu. Fundi wa kwanza alipoifungua ili ashushe giaboksi, akairudisha kichwa chini. Upepo unapanda, haushuki. Ungeweza kutoa upepo mwezi mzima kwa nati iliyo chini, mafuta safi yatatoka na povu litabaki limekaa juu linakuangalia.

Nikaweka raba mpya, nikaigeuza silinda, nikarudisha nafasi ya fimbo kule juu. Kanyaga taratibu, shikilia, fungua nati, funga, ndipo aachie. Kwangu pedali ilikuwa hairudi yenyewe, akawa anainyanyua kwa mkono. Kopo tuliliongeza kila baada ya mara tano, maana likikauka unaanza upya. Mapovu yalitoka makubwa, halafu madogo kama ya soda, halafu hakuna. Nikapima tena: milimita 14. Rivasi ikaingia kimya.

Nimempigia fundi wa kwanza kumweleza alivyoigeuza silinda. Amenijibu kwamba wakati gari linatoka kwake lilikuwa linatembea, na kama nataka, nilipeleke aliangalie giaboksi.