Saa 12, saa 6 au saa 3 kwa wiki: programu ipi ya jimnastiki kwa binti wa miaka 6?

MamaNuru
Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe. Binti ana miaka 6 na amepita majaribio. Njia ziko tatu:

A: timu ya mashindano, siku 4, saa 12 kwa wiki, anashindana msimu huu huu.
B: timu ya maandalizi, siku 2, saa 6 kwa wiki, mwaka wa kwanza mashindano ya ndani ya klabu tu.
C: darasa la kawaida, saa 3 kwa wiki, majaribio tena akifika miaka 8.

Wa A wanasema akichelewa mwaka mmoja ndiyo basi tena. Ni kweli?

KochaMstaafu
Dada, hapana. Kwenye mashindano ya kimataifa ya wakubwa, msichana haruhusiwi kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16, na mvulana 18. Huyo ana miaka kumi mbele yake, haraka ya nini?

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. B imetimia, A imezidi maradufu. Tena si suala la uchovu tu. Mfupa wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake, na sehemu hiyo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kwenye mchezo huu mikono inabeba mwili kama miguu. Kiganja kikikunjwa nyuma, mzigo mkubwa unaangukia kwenye kifundo cha mkono, hasa upande wa kidole gumba. Mtoto akilalamika hapo kila anaposimama kwa mikono, kumfunga bendeji na kuendelea ni kosa. Anaachishwa kuegemea mikono, mara nyingi kwa wiki kadhaa, kisha anarudishwa kidogo kidogo.

Mgongo wa chini nao una dalili yake. Maumivu yanayomjia akijipinda nyuma, na yakarudi kila wiki, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa wa uti. Hapo ni daktari, si dawa ya kuchua.

Kwa hiyo uliza klabu zote swali moja: mtoto akisema kifundo kinauma leo, kesho anafanya nini? Kocha anayejua atakutajia kazi: tumbo, miguu, kutua, kucheza bila kugusa chini kwa mikono. Akikujibu "huwa tunaangalia", umeshaelewa.

Sambamba
Mkuu, naunga mkono, ila saa peke yake zinadanganya. Saa 6 za kusimama foleni ni hasara kuliko 3 za kazi. Nenda ukakae na saa mkononi, chagua mtoto mmoja, hesabu anapata zamu ngapi kwa dakika 10. Watoto 12 kwa mkeka mmoja na kocha mmoja, atapata tatu au nne. Kundi la 6 hadi 8 lililogawanywa kwenye vituo, zinazidi kumi kwa urahisi.

Kisha tazama daraja lao, yaani mtoto amejipinda nyuma, viganja na nyayo chini. Mabega yakiwa juu ya viganja na mikono imenyooka, wamefundishwa kufungua mabega. Mabega yakibaki nyuma na kiuno kimekunjika kama bawaba, mgongo unafanya kazi ya bega. Watoto wa namna hiyo wakianza kujirusha nyuma kwa mikono, viwiko hukunjika na kichwa hugonga mkeka. Kocha akiwa anambeba mtoto kila mara, kosa halionekani mpaka siku atakapomwachia. Kabla ya kuanza kujirusha hivyo, mtoto awe anaweza kusimama kwa mikono, tumbo likielekea ukutani, mwili umenyooka, sekunde 30.

Na wajifunze kuanguka! Mkono ukitangulia nyuma, vidole vikielekea mbali na mwili, ndipo viwiko vinapovunjika.

BabaWawili
Ongezeni na suala la msamba, yaani kukaa chini miguu imepanuliwa kabisa. Kocha anayekaa juu ya mtoto ili msamba ushuke chini, mtoto akilia, muondoe siku hiyo hiyo. Vilevile wanaopima watoto uzito, na ukumbi usioruhusu mzazi kutazama hata mara moja. Medali zao hazinihusu.

MamaNuru
Asanteni sana. B hawana boriti (ule ubao mwembamba wa kufanyia mazoezi ya kujisawazisha) ya kimo kamili, zao ni za chini tu. Ni kasoro?

Sambamba
Kwa miaka 6, si kasoro hata kidogo. Boriti ya mashindano ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 125. Kinachofundisha ni ule upana. Mtoto anaanza kwenye mstari uliochorwa chini, kisha boriti iliyolazwa sakafuni, kisha ya kufika gotini, na hapandi ngazi mpaka zoezi litoke mara kadhaa mfululizo bila kuyumba. Waulize tu akifika ngazi ya juu atafanyia wapi. Shimo la sponji nalo lisikuvutie mno: linasaidia kujaribu, ila halifundishi kutua. Kutua ni kwenye mkeka, magoti yamekunjwa kidogo, hayaingii ndani.

KochaMstaafu
C msiidharau. Ikiwa na kocha mzuri inaizidi B mbovu. Tatizo lake ni kwamba madarasa ya kawaida mara nyingi hurudia mambo yale yale mwaka mzima. Waulize watoto wangapi walihamia timu mwaka jana, na walitakiwa kuweza nini. Kwa maelezo yaliyopo hapa ningechukua B.

Mizani_
Kabla ya kusaini, omba gharama za mwaka mzima kwenye karatasi moja: ada, usajili, bima, leotadi (vazi la kubana mwili) ya timu, kiingilio cha kila shindano, mchango wa safari ya kocha. Ada ya mwezi peke yake haikuambii kitu. Kisha soma kipengele cha kujitoa: wengine wanadai ada mpaka mwisho wa msimu hata mtoto akiwa ameumia. Kama kimeandikwa hivyo, omba kibadilishwe kwa maandishi, siyo kwa mdomo.