Yule muuza mitishamba wa kizindaro (kipaza sauti cha mtaani) kaulizwa leseni ya TIBA, katoa leseni ya DUKA!!

Mzizi77: Banange, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayetibu kisukari, presha, ugumba na mume mlevi kwa chupa ileile. Leo kaulizwa hadharani leseni ya kutibu iko wapi. Akainua karatasi. Leseni ya biashara! Ya kuuzia sukari na sabuni! AKAIBUSU! Watu makofi!

Hapa Uganda sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2019, mganga asajiliwe. Dawa yenyewe inapita NDA, mamlaka ya dawa, na kuitangaza kunataka kibali cha haohao. Hata Covidex, ile ya mitishamba, mwaka 2021 NDA iliipitisha kama dawa saidizi tu, si tiba ya korona. Huyu kabisha mlango wa duka, basi. Akaibusu, jamani!

JibuKali: Hasira zako zichemshwe, kijiko kimoja kutwa mara tatu.

WakiliKibandani: Msikimbilie Sheria ya Uchawi ya 1957. Yenyewe inasema kutengeneza na kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema si uchawi. Mbaneni kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, hadi miaka 5. Ila mwende na chupa ambayo kizibo hakijafunguliwa, risiti, na sauti yake ya kizindaro mliyoirekodi. Chupa ikishafunguliwa, wakili wake atasema uchafu mmetia nyie.

Mzizi77: Risiti hatoi! Anatoa busu!

MamaMumbwa: Mnahangaika na chupa, na mumbwa je? Udongo na majani, bonge halina lebo, mjamzito anayeyusha kwenye maji anakunywa. Nani kapima madini ya risasi kwenye huo udongo? Na kuna majani yanayobana kizazi kabla ya siku.

BodaNdeeba: Ya nguvu za kiume mnaikwepa! NDA ilishakuta "mitishamba" imetiwa sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra. Mwenye vidonge vya moyo vya naitreti akiinywa, presha inaporomoka, anaanguka hapohapo.

JibuKali: Ssebo, mbona umebobea hivyo 😂

BodaNdeeba: Nyamaza. Leseni mnazotaka, vituo vya petroli si wanazo? Lita yao inajaa nusu chupa. Fungueni uzi wa hao.

Mzizi77: Rudini kwenye mada!! ALIIBUSU!

MamaMumbwa: Boda, kituo kipi? Kile cha mteremkoni?

BodaNdeeba: Hichohicho, nnyabo. Mwambie muuzaji aanzishe pampu kwenye sifuri kwanza, na usiangalie simu akipima.