Chai, mahamri na ratiba iliyokwisha bandikwa: huko ni kushawishi?

Mtoa hoja, Shela:
Jamani, nawaletea hili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Mwezi uliopita meneja alituita sote, chai ya maziwa na mahamri mezani, akatueleza kwa upole kwa nini zamu ya jioni iishe saa nne usiku badala ya saa mbili. Alisema vizuri, sikatai. Hata dobi alimsifu. Kisha akauliza, "Mwaonaje?" Tukaitikia. Nikaingia jikoni kurudisha vikombe, nyuma ya mlango nikaiona ratiba mpya ishabandikwa, majina yetu yote, kuanzia Jumatatu.

Husemwa kiongozi bora ni yule anayewavuta watu kwa maneno, si kwa amri. Mimi nasema huyu wangu ni afadhali angeamuru. Ukiamriwa unajua umeamriwa, na unaweza kunung'unika kwa haki. Sasa hata kunung'unika siwezi, maana "nilikubali". Na boti ya saa nne kurudi mjini Lamu nalipa mimi, si maneno yake.

Msimamizi wa duka la vifaa vya ujenzi, Malindi:
Angebandika karatasi bila chai mngesema hana adabu. Kawaita kwa heshima, mwamwita mnafiki. Lori la saruji likifika mlangoni, nikae baraza na vijana tujadiliane nani ashushe? Kiongozi huamua. Kushawishi ni kuwasaidia watu wameze.

Mtoa hoja:
Wameze! Umelisema mwenyewe, ndugu yangu.

Nahodha mstaafu, Lamu mjini:
Wanangu, upepo ukigeuka sipigi kura. Nikisema shusha tanga, linashuka. Lakini mabaharia hawakunitii kwa ukali wa sauti. Safari moja mzigo umeshapakiwa, maji yametufaa, kijana mdogo kuliko wote akaniambia kamba ya tanga imeliwa na chumvi. Nilikasirika, nilishawaahidi wenye mzigo. Nikaipitisha vidoleni, nyuzi zikabaki mkononi. Tukalala bandarini siku mbili. Tangu siku ile nikipiga kelele baharini hakuna anayeniuliza kwa nini.

Mwalimu, Mkomani:
Mzee kanena. Tusisahau ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, megawati 1,050. Tuliahidiwa kazi, tukaahidiwa maendeleo. Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni yake, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuhutubiwa si kushirikishwa. Hata kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri akibadilisha masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Mtoa hoja, mkataba wako unataja saa?

Msimamizi, Malindi:
Kushauriana si kukubaliana, mwalimu. Sheria haikumpa dobi kura ya turufu.

Mtoa hoja:
Unataja saa, ndiyo. Na kura ya turufu siitaki. Lugha yetu yenyewe inatuonya: kushawishi kuna ndugu yake, kishawishi, kile kinachomwangusha mtu dhambini. Nami nataka kukinaishwa, niondoke pale nimeshiba sababu, hata kama sikupenda. Meneja angesema, "Wageni wachelewa kula, saa zitabadilika, nisaidieni nauli ya boti tuipangeje," ningekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Swali lake lingekuwa na nafasi ya jibu.

Basi nikuulize wewe wa Malindi, bila ugomvi: ungekuwa meneja wangu, na sote tungesema hapana siku ile, karatasi ungeibandua?

Msimamizi, Malindi:
Wallahi, nisingeibandua. Ila mahamri nisingewapa.