Uchumi wa dola trilioni 1 ifikapo 2050: samaki waliobaki ziwani anawahesabu nani?

Wakuu, naweka hoja mezani.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inataka uchumi wa Tanzania ufike dola trilioni 1 na pato la kila mtu lifike dola 7,000 kwa mwaka. Nataka nchi yangu itajirike. Ninachopinga ni kulifanya Pato la Taifa kuwa kipimo kikuu cha mafanikio, na ushahidi wangu ni Ziwa Victoria.

Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka, na viwanda vya minofu vikaota Mwanza, Kisumu na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa mialoni, samaki wanakoshushwa, wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hata mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, sasa yana mnunuzi wake China. Kwenye takwimu, huo wote ni ukuaji. Samaki walipopungua, baadhi ya viwanda vikafunga milango.

Pato la Taifa huandika kila kilo iliyouzwa kuwa mapato. Upungufu wa ziwa hauandikwi popote. Mfugaji aliyeuza mitamba yake yote hawezi kutamba kwamba mwaka huu kipato kimepanda! Mchumi Simon Kuznets mwenyewe, aliyeandaa hesabu hizi kwa ajili ya Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haupimiki kwa pato lake.

Napendekeza waziri anaposoma bajeti, asome pia hali ya samaki, misitu na udongo. Kwa ziwa, kazi imeshaanza: TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, na wenzao wa Kenya na Uganda hukadiria wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti. Mnasemaje?

Mchangiaji: Mkuu, kuacha ukuaji ni hoja ya Wazungu walioshiba. Huku kuna vijiji havina maji. Kodi ya kujenga zahanati itatoka wapi? Viwanda hivyo hivyo vimesomesha watoto wengi wa Mwanza. Ziwa lilindwe kwa sheria, kipimo kiacheni.

Mleta mada: Kwa walioshiba tuko pamoja. Wa kupunguza ulaji ni Ujerumani na Marekani, kisiwa chetu cha Ukerewe hakidaiwi. Lakini sheria unayoitaka ipo. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, ni marufuku, na mwaka 2018 ilipita Operesheni Sangara: nyavu zikachomwa, watu wakatozwa faini. Bado wachanga wanavuliwa. Halmashauri hupata ushuru kwa samaki aliyefika mwaloni. Aliyebaki majini akue na kuzaa haiingizii hata senti. Ungekuwa mkurugenzi wa halmashauri hiyo, na bajeti yako inategemea ushuru huo, ungemlinda yupi?