Marekani 1774–1789: gavana akishakimbia, kodi inapelekwa kwa nani?

Mdadisi77
Wakuu, Lexington Aprili 1775, yale mapigano ya kwanza ya vita vya makoloni dhidi ya Uingereza, naijua, tangazo la uhuru Julai 1776 nalijua. Kinachonisumbua ni hapo katikati. Dunmore, gavana wa mfalme kule Virginia, amekimbilia melini Juni 1775, mabunge yamevunjwa, lakini kodi inalipwa na wanamgambo wanapata baruti. Amri zilitoka kwa nani?

WinoMkavu
Mkuu, rudi nyuma kabla ya Lexington. Oktoba 1774 Gavana Gage alifuta kikao cha bunge la Massachusetts kilichopangwa kufanyika Salem. Wajumbe wapatao 90 wakaenda hivyo hivyo, wakajitangaza kuwa Kongresi ya Jimbo. Pigo kubwa lilikuwa la hazina: watoza kodi wa miji waliambiwa wasimpelekee tena fedha Harrison Gray, mweka hazina wa koloni aliyekuwa upande wa mfalme, bali wampelekee Henry Gardner, mtu wa Kongresi hiyo. Gage akabaki na cheo, na askari wake pale Boston.

Mwezi huohuo Kongresi ya Bara, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni pale Philadelphia, ilipitisha mgomo wa bidhaa za Uingereza. Kifungu cha 11 kiliagiza kila wilaya, jiji na mji kuchagua kamati ya kuwakagua watu, na jina la mvunja mgomo lichapwe gazetini. Sehemu nyingi kamati hizo ndizo zilizokuja kushika shughuli za wanamgambo. Kwa hiyo vita vilipoanza, serikali mbadala ilikuwa na miezi kadhaa kazini.

Mdadisi77
Sawa, lakini kamati si serikali halali. Uhalali waliutoa wapi?

Kijitabu
Hapo ndipo walipojikwaa. New Hampshire iliandika katiba ya muda Januari 5, 1776. Mei mwaka huo Kongresi ya Bara ikayataka makoloni mengine yaunde serikali zao. Connecticut na Rhode Island hazikuhangaika: zilibaki na hati zao za zamani za kujitawala walizopewa na mfalme, jina la mfalme likaondolewa.

Tatizo ni kwamba katiba nyingi ziliandikwa na wabunge wenyewe. Bunge likitunga katiba peke yake, kesho litaibadili kama sheria ya kawaida. Massachusetts walijaribu hivyo 1778, miji ikaikataa rasimu, mojawapo ya sababu ikiwa ni kukosa tamko la haki. Mara ya pili wakachagua mkutano maalumu, John Adams akafanya sehemu kubwa ya uandishi, na rasimu ikarudishwa mijini kupigiwa kura. Ikapita 1780. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wao mkubwa kuliko vita yenyewe. (Watumwa na wanawake hawakuulizwa, tusijidanganye.)

WinoMkavu
Naongezea ngazi ya taifa. Mkataba wa Shirikisho, yaani katiba ya kwanza ya muungano wa majimbo, ulianza kazi Machi 1, 1781: jambo zito lilihitaji majimbo 9 kati ya 13, na kuurekebisha mkataba wenyewe yote 13. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ilipoomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje, Rhode Island peke yake ilitosha kuuzuia.

Ndiyo maana waandishi wa katiba mpya ya 1787 walikwepa kizingiti hicho cha majimbo yote 13: ingeanza kazi kwa majimbo 9, tena kupitia mikutano maalumu badala ya mabunge. New Hampshire ikawa ya tisa, Juni 21, 1788. Rhode Island iliingia Mei 29, 1790, Rais wa kwanza, George Washington, akiwa na zaidi ya mwaka madarakani.