Taifodi mara tatu mwaka huu, ama hii Widal inanichezea?

mama_pacha_umoja
Wadau habari zenu. Tangu Januari kila nikishikwa na homa na kichwa naenda kliniki hapa mtaani, natolewa damu, dakika kumi napewa kikaratasi "Widal TO 1:160" naambiwa ni taifodi, nabeba vidonge vya sipro na sindano za siku tano, pesa kwisha. Leo ni mara ya tatu na maji nachemsha hata ya kupiga mswaki!! Kweli mtu hushikwa hivyo?

fundi_wa_maabara
Pole mama pacha. Widal haitafuti mdudu mwenyewe, inatafuta kinga damu yako iliyotengeneza (hiyo TO 1:160 ni kiwango chake), na hiyo hukaa miezi hata kama ulishapona, saa zingine hata malaria huifanya isome pozitivu. Ushawahi kuona ikifanywa? Tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya bluu, unatikisa dakika moja unaangalia kama imefanya chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Sasa foleni ikiwa ndefu mtu anasahau kigae hapo, tone linakauka pembeni, naye anaandika pozitivu. Kipimo chenyewe ni cha 1896 jameni.

Omba kalcha ya damu, yaani kuotesha mdudu mwenyewe. Mililita 8 hadi 10 kwa chupa yenye supu ya kumlisha mdudu, inalala kwa joto la 37, mdudu akiota anapandwa kwa sahani ya MacConkey, chakula cha maabara kinachotofautisha wadudu kwa rangi. Salmonella Typhi, mdudu wa taifodi, hatoi ile rangi ya waridi kama E. coli, mdudu mwingine wa tumbo, hubaki amepauka. Halafu tunamjaribishia dawa, hapo ndipo unajua kama sipro inamuua ama unakula bure.

jirani_wa_kayole
Sawa fundi lakini kalcha ni siku ngapi? Mtu anaungua na homa leo. Na bei je, usiongee kama sote tuna bima

fundi_wa_maabara
Siku mbili hadi saba, na ni ghali kuliko Widal, sikatai. Pia huwakosa wagonjwa wengi tu. Lakini hakuna anayesema ungoje, damu inatolewa kwanza ndio dawa ianze. Piga hesabu ya hizo sindano za mara tatu. Na malaria walikupima?

mama_pacha_umoja
Hawakunipima. Na aki nimeshameza sipro mbili leo asubuhi 😩

fundi_wa_maabara
Basi mwambie daktari umemeza saa ngapi kabla hajakutoa damu, dawa ikiwa kwa damu mdudu anaweza kukosa kuota, lakini kuna chupa za kalcha zenye chembe za kunyonya hiyo dawa. Akikuandikia Widal tena, muulize kwa nini.