Naomba ushauri: glavu za kumwagia tangi la choo la RV (gari-nyumba la safari)

Wakuu habari zenu, hasa mlio Marekani wenye RV. Namwaga tangi la choo kwanza, halafu la maji ya sinki na bafu ili yasuuze mpira wa kumwagia uchafu. Shida ni glavu. Nyembamba za nitrile (kama za hospitali) zinachanika kwenye ndoano za kiungio cha inchi 3 cha mpira huo, palepale matone yanapobaki. Nimevaa mbili mbili, ya nje inachanika vilevile. Za raba nzito hadi kiwiko zinahimili, ila kuzirudisha chafu kwenye boksi la kuwekea mipira ya maji, hapana.

Je, mnazilowesha kwenye jiki kiasi gani kwa lita bila kuziharibu? Na kabla ya kushika bomba la maji ya kunywa, mnanawa kwa sabuni au mnabadilisha glavu tu?